Kibanda cha Leso na Jicho la Simu

Kila shule zinapofungwa, familia nyingi za huku Werugha huteremka kwa njia ya Wundanyi na Mwatate hadi Voi, na kutoka hapo hushika treni au basi la Mombasa. Sisi tuliozoea ukungu na mashamba ya kabichi huduwazwa na rangi za vibanda vya ufuoni, hasa pale Jomo Kenyatta, Bamburi: leso na vikoi kambani, shanga na vikapu chini yake. Simu hutoka mikobani kabla hata ya salamu.

Hapo ndipo tulipo na neno. Kibanda ni duka la mtu. Mara nyingi mwenyewe ni mama aliyeketi nyuma ya bidhaa zake, pengine amelegeza mtandio kwa joto, pengine ananyonyesha. Picha yake ikishaingia katika kundi la WhatsApp la ukoo, hakuna ajuaye itaishia mikononi mwa nani. Surat an-Nur imetufunza kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu. Tusidhani kwamba kibanda, kwa kukosa mlango, kimekosa na mwenyewe.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haimzuii mtu kuweka picha za kumbukumbu nyumbani kwake. Picha ikitumika kutangaza biashara, mambo hubadilika. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zisizoridhiwa na wazazi. Akina dada wanaonunua vikoi ufuoni na kuvitangaza kwa simu wayazingatie haya.

Wako wauzaji wasemao, "Nunua kwanza, ndipo upige." Wageni huiita tamaa, sisi hatuoni hivyo. Rangi hizo zilizotuvuta amezipanga yeye asubuhi, na jioni atazikunja mwenyewe, awe ameuza au hakuuza.

Ufuo huo hutazama mashariki. Vibanda vinavyoelekea bahari hupata nuru nzuri asubuhi. Adhuhuri rangi huchujuka kwa ukali wa jua, na alasiri upande wa mbele huwa kivulini. Asubuhi pia umati haujafika, na mwenye kibanda ana nafasi ya kuzungumza. Mwamkieni, kisha mwombeni aitandaze leso moja, pindo, mji na jina vionekane vyote. Picha ya namna hiyo ina rangi zote mlizozitaka, na haina uso wa mtu. Mwonyesheni kabla ya kuondoka. Akitaka ifutwe, ifutwe mbele yake.