Miaka 50 ya Urafiki ilikuwa sikukuu ya mkulima wa pamba pia

Mwaka 2018, kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, Dar es Salaam, kilitimiza miaka 50 tangu Mwalimu Julius Nyerere alipokifungua. Sisi wa Shinyanga na Geita tulishangilia kama wenye shughuli, maana Kanda ya Ziwa ndiyo inayotoa zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya nchi hii.

Kiwanda kilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba, na mafundi wa Kichina wakawafundisha vijana wetu kusokota, kufuma na kutia rangi. Walitoka katika taifa lenye ufundi wa kale. Enzi za wafalme, karakana za Suzhou, Hangzhou na Nanjing zilitengeneza hariri ya ikulu. Katika ufumaji wa hariri wa Kichina uitwao "kesi", uzi wa mshindio haukupita upana wote wa kitambaa. Kila rangi iligeuzwa pale pale umbo lilipoishia. Ukikiinua kitambaa hicho kwenye mwanga, unaona vipenyo vyembamba kandokando ya kila ua.

Hariri ile ilivaliwa na wakubwa. Urafiki ilifuma kwa ajili ya wote: shuka, kitenge, na kanga yenye pindo, mji na jina lake. Mama wa Kishapu aliyepalilia pamba kwenye jua kali aliweza kumbeba mwanawe mgongoni kwa nguo iliyofumwa nchini mwake. Heshima hiyo ndiyo tuliyoiadhimisha.

Miaka hiyo haikuwa mteremko. Mitumba na nguo za bei poa kutoka nje vilikibana kiwanda, hata baada ya kuingia ubia ambao Wachina walikuwa na asilimia 51 na Serikali 49. Nayo sehemu kubwa ya pamba yetu bado inasafirishwa ng'ambo ikiwa ghafi, na kazi ya kuifuma inakwenda nayo.

Dhahabu ya Geita ikishachimbwa haioti tena. Pamba hupandwa kila mvua zinaponyesha, na mnyororo wake unaweza kuajiri watoto wetu kizazi hadi kizazi. Ndiyo maana mwaka ule tulitaka wabia waiwekee Urafiki mitambo mipya, Serikali ilinde soko lake, na viwanda vya kusokota na kufuma vijengwe huku huku pamba inakolimwa. Hongera Urafiki, na hongera mkulima uliyeilisha.