Mashine haina pepo, soma faili lako

Leo naziacha kidogo habari za tovuti na hifadhidata, maana kuna jambo limenikaa rohoni na nisipoliandika litanikosesha usingizi. Mimi ni mwandishi wa programu, si seremala wala fundi wa vyuma. Lakini kwa muda sasa nimekuwa nikiitwa kwenye karakana zenye mashine za CNC, kwa sababu mashine hizo huongozwa na tarakilishi, na mtu akisikia tarakilishi humtafuta mtu wa tarakilishi. Niliyoyaona huko yamenipa maoni makali kidogo.

Kwa wasiozijua, CNC ni mashine inayokata mbao, plastiki au chuma ikifuata maagizo yaliyoandikwa kwenye faili. Ziko nyingi siku hizi, hasa zile ruta za kuchonga milango na vitanda zinazoletwa kutoka Uchina. Kazi huanzia kwenye mchoro. Kisha programu ya CAM inapanga biti ipite wapi, kwa kina gani na kwa kasi gani. Baada ya hapo kuna kipande kidogo cha programu kiitwacho posti-prosesa, ambacho wengi hawajui hata kama kipo, kinachotafsiri mpango huo uwe misimbo ya G inayoeleweka na kontrola ya mashine yako. Mwishowe kontrola inasoma mstari mmoja mmoja na kuzisukuma mota.

Maoni yangu ni haya: wanaouza mashine na programu hizi, pamoja na baadhi ya wanaozifundisha, wanawapotosha mafundi wetu wanapowaambia kwamba CAM imewaondolea haja ya kuujua msimbo. Imewaondolea haja ya kuuandika kwa mkono, hilo nakubali. Haja ya kuusoma ipo pale pale.

Chukua karakana moja ambayo sitaitaja. Ruta yao ilivunja biti tano katika wiki mbili, na ajabu ni kwamba ilivunja asubuhi tu. Kijana anayeiendesha anafunga ubao mezani, anaweka sufuri ya Z juu ya ubao, anabonyeza kitufe cha kuanza, na kabla spindeli haijaanza kuzunguka kichwa kinashuka mbio mpaka ndani ya mbao. Mchana, faili lile lile na ubao wa aina ile ile, kazi inatoka safi kabisa. Fundi wa kwanza aliyeitwa alisema kadi ya kontrola imeungua, akataka shilingi 45,000. Wa pili alisema ni mota ya Z. Mwenye karakana, mzee wa heshima zake, alinivuta kando akaniambia, "Kijana wangu, mimi naona hii mashine imetumiwa kitu."

Nililifungua faili kwa programu ya kawaida ya kuandikia maandishi. Karibu na mwanzo kulikuwa na mstari huu: G28 G91 Z0. Maana yake ni kwamba mhimili wa Z urudi nyumbani. Posti iliyouandika mstari huo inadhani kwamba mashine ina swichi za nyumbani na kwamba nyumbani ni juu kabisa, mahali salama. Mashine ile haikuwa na swichi hata moja. Kontrola yake ilikuwa Grbl, na Grbl isiyo na swichi huchukua pale kichwa kilipokuwa stima ilipowashwa kuwa ndiyo sufuri ya mashine. Sasa, kijana alikuwa na tabia ya kushusha kichwa jioni mpaka karibu na meza ili turubai la kuzuia vumbi lienee vizuri. Asubuhi anawasha, na nyumbani panakuwa chini mezani. Anainua kichwa kwa vitufe, anafunga ubao, anaanza kazi, na mashine kwa utiifu mkubwa inarudi nyumbani ikipitia ndani ya ubao. Saa za chakula wanazima kila kitu kichwa kikiwa juu. Wakiwasha tena, nyumbani ni juu, na mashetani yamekwenda zake.

Tuliingia kwenye mipangilio ya posti, tukabadilisha namna ya kuinua biti kutoka G28 hadi ule urefu wa usalama uliowekwa kwenye CAM. Hakuna kadi iliyonunuliwa.

Kinachonikera hapo si biti. Kijana yule alikuwa ameanza kukatwa mshahara kwa kila biti iliyovunjika, kwa kosa lililoandikwa na programu ambayo hajawahi kuiona, na hakuwa na neno hata moja la kujitetea kwa sababu hakuna aliyemfundisha kwamba faili lile linaweza kusomwa na binadamu. Alidhani ni kama picha au wimbo, kitu cha kubonyeza tu. Mtu anayejua kusoma mistari kumi ya msimbo wa G hakatwi mshahara kirahisi namna hiyo.

Na kwa kweli si lugha ngumu. Asili yake ni kazi iliyofanywa MIT huko Marekani, ambako mashine ya kwanza ya kukata kwa namba ilionyeshwa mwaka 1952, ikisoma utepe wa karatasi uliotobolewa. (Sisi Wakenya tuna hata shirika lenye neno hilo kwenye jina: mradi wa gari la Nyayo Pioneer ulioanza 1986 ulizaa Nyayo Motor Corporation, ambayo baadaye ikaitwa Numerical Machining Complex. Sijui ni wangapi huwa tunajiuliza namba zenyewe ni zipi.) G0 ni kwenda haraka bila kukata. G1 ni kwenda huku unakata. G2 na G3 ni matao, moja kufuata saa na jingine kinyume. M3 inawasha spindeli, M5 inaizima, M30 inamaliza. Mtoto wa shule aliyeelewa grafu ya X na Y yuko nusu ya njia.

Ugumu uko kwenye lahaja. Marekani walipitisha kiwango cha RS-274-D mwaka 1980, ISO nao wakatoa chao cha 6983 mwaka 1982, na bado kila mtengenezaji wa kontrola akaongeza lake. Ni kama Kiswahili cha Mombasa na cha Nairobi: mnaelewana mpaka siku neno moja lina maana mbili. Kwenye kontrola nyingi za Fanuc, kutegemea zilivyopangwa, X10 bila nukta ni milimita 0.010, na X10. yenye nukta ni milimita 10. Nukta moja! Kwenye matao, kontrola moja inasoma I na J kama umbali kutoka pale tao linapoanzia, nyingine inasoma kama mahali halisi kitovu kilipo. Ukikosea hapo, ua dogo ulilochora kwenye mlango linageuka duara kubwa linalokata mlango mzima, au kama una bahati Grbl inakataa na kukupa kosa nambari 33. Na kuna ile ya inchi na milimita. Faili lililoandikwa kwa inchi litasema 3.937 kwa kipande cha milimita 100. Likikosa G20 na mashine iko kwenye milimita, utapata kipande kisichofika hata milimita 4. Ukiona kazi imetoka ndogo au kubwa mara 25.4, usiguse mashine. Nenda moja kwa moja kwenye faili.

Jambo jingine ambalo sisi waandishi wa programu tunalijua vizuri ni kwamba amri nyingi za msimbo wa G hukaa kichwani mwa kontrola mpaka zibadilishwe. Ukisema G91, kila mwendo unaofuata unahesabiwa kutoka ulipo sasa, hata kama mstari ulioandika hivyo umeupita mistari elfu tatu nyuma. Huku kwetu hili lina uzito wake, maana stima hukatika. Ikikatika katikati ya kazi ya saa nne, fundi hufuta mistari iliyokwisha na kuanzia pale alipofika, bila kujua kwamba amefuta pia G21, G90 na ile M3 iliyowasha spindeli. Tena bila swichi za nyumbani hata sufuri ya X na Y imepotea. Kama una pesa kidogo ya kuongeza kitu kwenye mashine, nunua swichi kabla ya kununua spindeli kubwa ya kujivunia.

Nimejibiwa mara nyingi kwamba faili la mlango mmoja lina mistari 40,000, nani atasoma? Hakuna. Mimi pia sisomi. Soma ishirini ya kwanza na kumi ya mwisho, pamoja na pale biti inapobadilishwa. Humo ndimo posti inapoweka maneno yake, na makosa mengi niliyokuta yalikuwa humo. Mistari ya katikati ni hesabu ya CAM, nayo inatazamwa vizuri zaidi kwa macho kwenye simuleta. CAMotics ni ya bure na inatosha.

Wala sisemi kila tatizo ni programu. Kuna jaribio rahisi kabla ya kulaumu upande wowote. Inua sufuri ya Z juu ya ubao ili mashine ikate hewa, endesha faili mara mbili, kisha mara mbili tena ikikata sponji au mabaki ya MDF. Kosa likitokea kila mara mahali pale pale, shuku faili kwanza. Likihama hama, au likija tu biti inapokutana na mti mgumu, hapo ni mashine: mota inaruka hatua, koleti haikukazwa, mkanda umelegea, au kasi ni kubwa mno. Kasi nayo si ya kubahatisha. Mizunguko 18,000 kwa dakika, biti ya meno mawili, kila jino likitoa milimita 0.1, ni milimita 3,600 kwa dakika. Ukienda kwa 600 ukidhani unaitunza biti, unaipikia kwa msuguano.

Kuna pia mabadiliko yanayokuja kimya kimya kutoka kwa wenye programu. Oktoba 2020 Autodesk waliondoa mwendo wa haraka wa G0 kwenye leseni ya bure ya Fusion 360, wakaubadilisha uwe mwendo wa kukata. Mtu asiyesoma faili lake angedhani ni mashine yake iliyoanza kuzeeka.

Wenzangu waandishi wa programu, hapa ndipo tunapohitajika na hatuonekani. Posti za Fusion zimeandikwa kwa JavaScript, zile za FreeCAD kwa Python, lugha ambazo kila kijana wetu anazo kwenye wasifu wake. Tangu toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024, FreeCAD ina sehemu iliyopewa jina hilo hilo la CAM, na haidai shilingi. Badala ya kuandika programu ya mia moja na moja ya kuagiza pizza, rekebisha posti moja ya ruta iliyo mtaani kwako. Na wale wanaoziomba programu za akili bandia ziwaandikie msimbo wa G, haya, ziulizeni ziwaelezee mstari msiouelewa, ila msibonyeze kitufe cha kuanza kwa faili ambalo hamjaliona kwenye simuleta. Nazo hazijui mashine yako ina swichi au haina.

Kama una faili linalokusumbua, weka hapa chini mistari ishirini ya kwanza, jina la kontrola na jina la posti uliyotumia. Na useme kama mashine ina swichi za nyumbani. Ukinificha hilo la swichi, sikujibu.