Kujipamba si Kuigiza

Wapo wapenzi wa muziki wa roki, na baadhi yao ni rafiki zangu, wanaoshikilia kwamba katika bendi zote zilizougeuza muziki huo kuwa mchezo wa jukwaani, hakuna iliyofikia kimo cha Kiss ya New York. Ukiwauliza sababu watakuhesabia: fataki, moshi, viatu vya soli nene, ulimi wa Gene Simmons, damu inayomchuruzika kidevuni, moto anaoutema, na ngoma zinazonyanyuliwa juu pamoja na mpigaji wake. Ukiwatajia Alice Cooper watatabasamu na kusema, naam, yule alitangulia, lakini Kiss ndio waliokamilisha kazi.

Nasema la. Kiss walichukua mapambo ya Alice Cooper wakaiacha hadithi. Na kwa kuwa jambo hili linagusa swali kubwa kuliko muziki wa ujana wetu, yaani nini maana ya mtu kusimama mbele ya watu na kuigiza, sioni vibaya kulijadili kwa ukali kidogo.

Tuanze na mambo yasiyo na ubishi. Alice Cooper hapo mwanzo halikuwa jina la mtu bali la bendi ya vijana watano waliotokea Phoenix, Arizona. Mwimbaji wao, Vincent Furnier, alizaliwa Detroit mwaka 1948 na kulelewa katika nyumba ya mhubiri. Kufikia mwaka 1971, walipotoa albamu mbili, Love It to Death na Killer, walikuwa wamekwisha kuleta jukwaani kiti cha umeme na kitanzi cha kunyongea. Mwaka 1973, katika safari ya Billion Dollar Babies, ikaja gilotini, ile mashine ya kukatia vichwa, iliyotengenezwa na mfanya mazingaombwe James Randi, ambaye mwenyewe aliigiza kama mnyongaji. Kiss wao waliungana New York mwaka 1973, na albamu yao ya kwanza ikatoka 1974. Kwamba walimtazama Alice Cooper na kujifunza kwake, wenyewe hawajaficha.

Sasa tutazame kilichokuwa kikitendeka jukwaani. Alice alitokea akiwa mwovu. Alicheza na joka, alikatakata mwanasesere, alichokoza watu. Kisha alikamatwa, akahukumiwa, akauawa mbele ya macho ya wote. Halafu alirudi akiwa amevaa suti nyeupe na kofia ndefu nyeupe, watu wakaimba pamoja naye. Kosa, hukumu, kifo, kurudi. Sisi tuliolelewa kwa ngano tunaufahamu mpango huu hata bila kufundishwa. Bibi aliposema Paukwa, nasi tukaitikia Pakawa, tulijua kwamba zimwi litakuja na litatisha kweli. Lakini hatukukubali kulala kabla zimwi halijapata malipo yake. Uoga ulikuwa na mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia. Hiyo ndiyo kazi ya mchezo wa kutisha tangu dunia iwe dunia.

Je, hadithi ya Kiss ni ipi? Tunaambiwa yupo Shetani, yupo Mtoto wa Nyota, yupo Mtu wa Anga, yupo Paka. Vizuri. Shetani huyo anataka nini? Paka amemkosea nani? Mtu wa Anga ametoka wapi na anakwenda wapi? Hatuambiwi, kwa sababu hawafanyi lolote zaidi ya kuwa hivyo walivyo. Damu hutoka kinywani kwa saa ileile kila usiku, bila jeraha wala adui. Ni damu isiyomuuma mtu. Moto huwaka, lakini hakuna kinachoungua. Huko si kuigiza, ni kujipamba. Na mapambo, hata yawe ya kupendeza namna gani, hayawezi kukusimulia kitu.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni Bob Ezrin. Mtayarishaji huyu ndiye aliyetengeneza albamu za Alice Cooper za miaka ile, na ndiye aliyewatengenezea Kiss Destroyer mwaka 1976. Wimbo wa albamu hiyo uliopanda juu kuliko nyimbo zote za Kiss nchini Marekani, hadi namba 7, ni Beth, ulioimbwa na Peter Criss kwa vinanda na ala za okestra, juu ya mwanamuziki anayemwambia mwenzake nyumbani kwamba hatarudi mapema. Hakuna fataki humo, hakuna Paka. Kuna mtu na majuto yake. Namba 7 ndiyo pia aliyofikia Alice Cooper mwaka 1972 kwa School's Out, wimbo ulioshika namba 1 Uingereza; lakini yeye hakuhitaji kuvua vazi lake ili aseme jambo, kwa sababu vazi na jambo lenyewe vilikuwa kitu kimoja. Na Kiss walipojaribu kusimulia hadithi kamili, mwaka 1981, kwa albamu ya Music from “The Elder”, tena wakiwa na Ezrin huyohuyo, wateja wao wenyewe waliikataa. Mteja uliyemzoesha halua humlaumu akiusukuma wali.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba Kiss waliuza zaidi na wakajaza viwanja. Sibishi. Nitaambiwa kwamba Alive! ya mwaka 1975 ni miongoni mwa albamu za jukwaani zilizowapa watu furaha ya kweli. Ni kweli, na furaha si kitu cha kudharau. Nitaambiwa, na hapa ndipo pigo linapouma, kwamba Furnier naye alilichukua jina la bendi likawa lake, na kuanzia Welcome to My Nightmare ya mwaka 1975 akaendelea bila wenzake wanne. Hilo ni doa, na asiyeliona hataki kuliona. Lakini doa hilo lilibaki wazi, mchana kweupe. Hakuna aliyevishwa sura ya Glen Buxton akapelekwa jukwaani watu wadhani ni yeye. Buxton alipofariki mwaka 1997 alifariki akiwa Glen Buxton, na waliobaki walikutana tena na mwimbaji wao wakatoa albamu mwaka 2025, wazee watupu, Ezrin akiwa mtayarishaji.

Kiss je? Hapo mwanzo walikuwa na adabu. Criss alipoondoka mwaka 1980, mrithi wake Eric Carr alipewa sura yake mwenyewe, ya Mbweha. Carr alifariki tarehe 24 Novemba 1991, siku ileile aliyofariki London Freddie Mercury, yule mzaliwa wa Unguja, na msiba wa mkubwa ukaufunika wa mdogo. Lakini Carr alikuwa na uso wake. Baada ya mwaka 2000 adabu hiyo ilikwisha. Ace Frehley na Criss walipoondoka tena, rangi za Mtu wa Anga zilipakwa usoni mwa Tommy Thayer, na za Paka usoni mwa Eric Singer. Huyu Singer, kwa nyakati tofauti, amempigia ngoma Alice Cooper pia. Kwa Alice alipiga akiwa Eric Singer. Kwa Kiss alipiga akiwa mtu mwingine. Msomaji, unahitaji nikueleze zaidi?

Mengine yanafuata yenyewe. Mwaka 1977 walitia damu yao katika wino wa kitabu cha katuni. Mwaka 1978 kila mmoja alitoa albamu yake, zote siku moja. Mwaka 2001 lilitoka hata jeneza la Kiss. Na tarehe 2 Desemba 2023, mwisho wa onyesho lao la kuaga huko Madison Square Garden, watu wenye nyama na damu waliondoka jukwaani, na mahali pao zikatokea picha za kompyuta zisizozeeka. Mwaka uliofuata jina, sura na nyimbo viliuzwa kwa kampuni ya Sweden, kwa bei iliyotajwa kuwa zaidi ya dola milioni 300. Sishangai. Kama uso unaweza kuvaliwa na yeyote, hatimaye unaweza kuvaliwa na asiyekuwapo.

Wako wahubiri waliosema kwamba bendi hizi zote mbili ni za shetani. Walibuni hata maana ya herufi za Kiss, uzushi mtupu. Huko Uingereza Mary Whitehouse alipigana ili School's Out isionyeshwe katika BBC. Nawaheshimu kwa uchungu wao juu ya watoto, lakini walikosea mlango. Mtoto aliyeona Alice akinyongwa aliona kwamba uovu una bei. Lililofaa kuogopewa ni somo jingine, lililofundishwa kwa tabasamu na bila tone la kufuru: kwamba mtu ni rangi aliyopakwa, na akichoka, rangi hiyo apakwe mwenziwe, biashara iendelee.

Sisemi watu wazitupe santuri zao za Kiss. Wazipige, wacheze, wafurahi. Ila wasituambie kwamba hicho ndicho kilele cha uigizaji. Mwigizaji ni mtu anayejitoa mbele yetu, akakosa, akalipa, akarudi, nasi tukajiona ndani yake. Kila mara kichwa cha Alice kilipoanguka kapuni tulijua kwamba ni mchezo, na tulijua pia kwamba ni yeye, wala si mwingine, aliyepiga magoti chini ya lile panga.