Podikasti bila maelezo ni daladala bila kibao

Wasomaji wangu, leo nina malalamiko, na naomba mnivumilie mpaka mwisho.

Vijana wa Kiswahili siku hizi tunarekodi sana, na mimi nafurahi. Wiki haipiti bila kupata ujumbe kwenye WhatsApp: "Kaka, tumeachia kipindi kipya, sapoti yako muhimu." Nabonyeza. Nakuta picha kali ya watu wawili na maikrofoni zao, kichwa kinasema "Kipindi cha 14", na chini yake kuna sentensi moja: "Usikose mazungumzo haya ya moto na mgeni wetu." Basi. Mgeni ni nani? Amezungumza nini? Kwa nini nimsikilize yeye na nisilale? Hakuna jibu. Kuna vimoto vitatu vya emoji.

Hayo maandishi yanayokaa chini ya kipindi mimi nayaita maelezo ya kipindi. Msimamo wangu ni kwamba ndiyo sehemu ya podikasti tunayoidharau kuliko zote, na dharau hiyo inatunyima wasikilizaji. Kinachoniuma zaidi ni kwamba inazika mambo ya maana yaliyosemwa kwa Kiswahili, na yakishazikwa hakuna wa kuyafukua.

Tuanze na hesabu. Sauti iliyohifadhiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu megabaiti 58 kwa saa. Ukiiweka kama video, ulaji unapanda. Maandishi ya maneno 200 kwa Kiswahili hayafiki hata kilobaiti 2. Sasa fikiria mwanafunzi wa chuo aliyenunua bando la siku na anataka limfikishe usiku. Unamwambia achome megabaiti 58 ili agundue kama ulikuwa na la kusema. Duka gani la Kariakoo mteja analipa kabla hajaonyeshwa mzigo?

Watu wa mjini wamelijua hili zamani. Konda hakuambii "panda gari, safari ni ya moto". Anakwambia Mwenge, Posta, Gongo la Mboto, na kibao kipo mbele ya gari kwa asiyemsikia. Mama anayenunua kanga anasoma jina kwanza, rangi hata ziwe nzuri namna gani. Asubuhi kwenye meza ya magazeti watu wanasimama kusoma kurasa za mbele, wengine wanaondoka, mmoja anatoa hela. Taarifa ya habari ya redio inatoa muhtasari kwanza, ndipo tunaambiwa habari kwa ukamilifu. Sijui ni nani aliyetudanganya kwamba podikasti peke yake ndiyo inaruhusiwa kumficha mtu kilichomo ndani.

Na si kwamba podikasti ilizaliwa hivyo. Neno lenyewe lilitokea kwenye gazeti la The Guardian la Uingereza, Februari 2004, katika makala ya Ben Hammersley. Mfumo unaosambaza vipindi, yaani RSS, ambao Dave Winer aliuwekea nafasi ya kubeba faili la sauti, una chumba cha kichwa, chumba cha maelezo na chumba cha faili. Vyumba hivyo viko pamoja tangu mwanzo. Sisi tunajaza cha tatu, cha kwanza tunaandika namba, cha pili tunaacha wazi.

Mwaka 2014 Wamarekani walitoa podikasti inayoitwa Serial, iliyotangazwa na Sarah Koenig, kuhusu kesi moja ya mauaji. Mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Peabody. Wengi wanakumbuka sauti, lakini tovuti yao ilikuwa na ramani, nyaraka na mtiririko wa matukio, hivyo msikilizaji aliyechanganyikiwa na tarehe alikuwa na mahali pa kutazama. Najua wale walikuwa na fedha na watu. Lakini kuandika aya mbili na kuorodhesha tarehe tano hakuhitaji ufadhili wa mtu.

Sasa njoo kwenye suala la kutafutwa. Injini za kutafutia zinategemea sana maandishi. Machi 2024, Apple ilipoanza kuweka maandishi ya vipindi kwa njia ya kompyuta ndani ya programu yake ya podikasti, ilianza na lugha nne: Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Kiswahili, ambacho UNESCO ilikitangazia siku yake ya dunia mwaka 2021, hakikuwemo katika orodha hiyo ya mwanzo. Mtangazaji wa Kiingereza akizembea, kuna mashine inayomsaidia kidogo. Wewe wa Kiswahili ukizembea, ulichosema kimebaki sauti tupu, na anayekitafuta hakipati.

Nitawapa mfano wa kwangu. Niliwahi kuandika habari kuhusu wapangaji wanaodaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nikakumbuka kwamba kwenye podikasti moja ya Kiswahili, wakili kijana aliwahi kueleza haki za mpangaji kwa lugha ambayo hata bibi yangu angeielewa. Nilitaka kumnukuu na kuitaja podikasti. Nikafungua orodha: vipindi zaidi ya arobaini, vyote namba na vimoto. Nilisikiliza vitatu njiani kurudi kazini, hakuna wakili. Saa ya kufunga kurasa ikafika, nikampigia wakili mwingine. Yule wa kwanza alikosa jina lake gazetini, podikasti ikakosa kutajwa, na wasomaji wakakosa maelezo mazuri kuliko yale niliyoyapata. Sauti ipo mpaka leo. Hakuna ajuaye iko kipindi cha ngapi, pengine hata wenyewe hawajui.

Basi tuandike nini? Mimi naona kazi hii ni ileile tunayofundishwa chumba cha habari siku ya kwanza: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, vipi.

Sentensi ya kwanza ibebe habari yenyewe. Kwenye simu mtu anaona mstari mmoja au miwili tu kabla ya kubonyeza "zaidi". Ukiutumia mstari huo kusema "Karibu tena kwenye podikasti yako pendwa", umeutupa. Nakuwekea mfano wa kubuni. Tuseme umeongea na mama muuza samaki wa Feri. Wengi wangeandika: "Mama mpambanaji anafunguka mazito! Usipitwe!" Mimi ningeandika hivi:

"Samaki ananunuliwa mnadani Feri alfajiri na kufika jikoni kwako mchana, bei ikiwa imepanda. Nani amekula hiyo tofauti? Mama aliyeuza samaki hapo kwa miaka mingi anatupitisha hatua kwa hatua.
Dakika ya 4: mnada unavyoendeshwa na nani anapanga bei.
Dakika ya 17: barafu, usafiri na ushuru.
Dakika ya 31: kikoba kilivyomwokoa mtaji ulipokata.
Muda: dakika 46."

Hayafiki hata maneno 60. Asiyependa samaki anaondoka kwa amani bila kukulaani. Anayetaka habari za kikoba anaruka moja kwa moja mpaka dakika ya 31. Na siku mtu akiandika "bei ya samaki Feri" kwenye mtandao, kuna kitu cha kuonekana.

Hizo dakika msizidharau. YouTube, ukianza na 00:00 na ukaorodhesha angalau nyakati tatu kwa mpangilio, kila sehemu isipungue sekunde 10, video inajigawa yenyewe katika sura. Spotify nayo msikilizaji anaweza kubonyeza muda ulioandika na kupelekwa hapo hapo. Ni kazi ya robo saa kwa mtu ambaye tayari amekaa saa tatu anahariri sauti.

Mgeni mwandikie jina kamili, kwa tahajia anayoitumia yeye, na kazi yake. Hiyo ni adabu. Mtu ameacha shughuli zake, amepanda bodaboda kuja kukaa nawe saa nzima, halafu unamwandika "mgeni wetu"? Kesho akitaka kumwonyesha mwajiri au mwanawe alichosema, ataonyesha nini?

Kama mmetaja sheria, kitabu au ripoti, andika jina lake na uweke kiungo. Msikilizaji yuko ndani ya daladala amebanwa, mkono mmoja juu, hawezi kuandika. Na ukigundua baada ya wiki kwamba mgeni alikosea takwimu, maelezo ndiyo mahali rahisi pa kusahihisha. Kurudia kurekodi ni gharama, mstari mmoja wa masahihisho ni bure. Gazeti lina kona ya masahihisho. Podikasti nyingi nilizozisikiliza hazina, kana kwamba kwenye maikrofoni hakuna anayekosea.

Jambo jingine ni lugha. Tunaongea Kiswahili saa nzima, halafu maelezo, pale tunapokumbuka kuyaandika, tunaandika kwa Kiingereza ili tuonekane wa kimataifa. Anayetafuta "kodi ya nyumba" au "mtaji wa genge" ataandika hivyo hivyo anavyoongea. Weka Kiswahili kwanza. Ukitaka, ongeza aya ya Kiingereza chini kwa ajili ya wageni.

Tusisahau pia wasiosikia. Kwao podikasti yako ni mlango uliofungwa. Maelezo mazuri hayaufungui wote, lakini angalau yanawaambia ndani kumezungumzwa nini.

Najua hoja za upande wa pili, nimeshabishana nazo sana. Ya kwanza: watu hawasomi. Jamani, watu hao hao wasiosoma wanashinda kwenye magrupu ya WhatsApp wakisoma ujumbe mrefu kuliko waraka wa serikali. Wanasoma kinachowahusu. Wasichosoma ni "usikose, usipitwe".

Ya pili: nikieleza kila kitu hawatasikiliza. Aliyeangalia mechi ya Simba na Yanga mpaka filimbi ya mwisho ndiye huyo huyo anayetafuta gazeti la michezo kesho yake, na matokeo anayajua. Kama kipindi chako kinaharibika mtu akijua kinahusu nini, tatizo liko kwenye kipindi.

Ya tatu ndiyo ya kisasa: akili mnemba itaandika. Sawa, itumie kupata rasimu. Lakini soma kila mstari kabla hujabandika. Mgeni wako wa Feri ana lafudhi yake na majina ya samaki wake, na mashine inaweza kuandika jambo ambalo hakulisema, kwa ujasiri kabisa. Wewe ulikuwepo chumbani. Mwenye kujua ni dakika ipi mama yule alinyamaza kidogo kabla ya kujibu ni wewe.

Na wale wanaotafuta kiki niwaambie jambo moja. Kichwa kinachosema "Amwaga machozi, ataja majina" wakati ndani hakuna chozi wala jina kitakupa msikilizaji leo, na hutampata tena. Sisi wa magazeti tunalijua somo hilo. Kuna magazeti yaliyouza kurasa za mbele zisizofanana na za ndani, na wasomaji walijifunza kusoma ukurasa wa mbele tu, bure, na kupita zao.

Naomba nieleweke. Simdharau anayerekodi chumbani kwake huku ameziba mlango kwa godoro ili sauti ya jirani isiingie. Namheshimu, na ndiyo maana nasema. Wazee wetu wanahojiwa sasa, mafundi, wakunga, wachezaji wa zamani, watu ambao hawakuwahi kuandika kitabu na hawataandika. Kwa wengi wao kipindi hicho cha dakika 46 ndiyo kumbukumbu pekee itakayobaki. Tukiihifadhi kwa jina la "Kipindi cha 14", miaka kumi ijayo mtafiti atapita pembeni yake na kwenda kunukuu kitabu cha mgeni aliyekaa nchini wiki tatu.

Kwa hiyo kama unaendesha podikasti, usiku wa leo usirekodi. Fungua vipindi vitano vya nyuma, anza na kile unachojivunia zaidi, uandike kila kimoja aya moja, jina la mgeni na dakika. Ukimaliza niwekee kiungo hapa chini. Kile chenye maelezo yaliyoniambia mapema ninachokwenda kukisikia, nitakinunulia bando na kukisikiliza mpaka mwisho.