Kikaangio cha Mama Kifuate Mikono Yake

KUTOKA MPAKANI
Na Josephine Nafula

Mabasi ya usiku kutoka Nairobi huingia Busia alfajiri, na siku hizi ni nadra buti lifunguliwe bila katoni ya kikaangio cha hewa kushushwa, jina la mama limeandikwa juu yake kwa wino mzito. Mama huyo anaishi peke yake Mundika, Nambale, Adungosi au Amagoro. Mumewe alishafariki, watoto wametawanyika. Zawadi ni njema na naiunga mkono. Ninachokipinga ni jinsi inavyochaguliwa. Mtoto anasimama dukani mjini, anakiona kile kikubwa cheusi chenye kioo kinachowaka taa za buluu, anaamua kwamba hicho ndicho chenye heshima. Mama anakipokea, anashukuru, anakipandisha juu ya kabati, na jioni anarudi kuchochea kuni.

Mzee anayeishi peke yake anunuliwe kikaangio kidogo chenye swichi mbili za kuzungusha: moja ya joto, moja ya dakika. Kampuni ya Philips ilipokizindua kifaa hiki Berlin mwaka 2010, kilikuja na swichi za namna hiyo hiyo. Vioo na picha vilikuja baadaye, na bado vya kuzungusha vinauzwa, mara nyingi kwa bei nafuu kuliko vya kioo. Muuzaji atakwambia hicho ni cha zamani. Mwache aseme.

Faida yake kubwa kwa mzee si kupunguza mafuta, ingawa nayo ipo. Ni kwamba kinajizima. Ndani yake mna koili ya moto na feni inayozungusha hewa hiyo ya moto kwenye chakula, na dakika zikiisha moto unakatika wenyewe. Ukivuta droo kabla ya wakati, kinasimama. Mama anayeweka sufuria kwenye gesi, akaitwa na jirani uani na kusahau, hapa amekingwa. Hakuna karai la mafuta yanayochemka la kumwagikia miguuni, wala jiko la makaa lililoingizwa ndani usiku wa mvua, milango imefungwa.

Niliketi jikoni kwa senge wangu, yaani shangazi, ambaye ameshapita miaka 75, akijaribu kile cha kioo alicholetewa. Vidole vyake vina sugu za jembe na vimekauka; kioo hakikumsikia. Alibonyeza kwa ncha ya kidole, kisha kwa ukucha, kisha akabonyeza mara mbili na kuzima alichokuwa amekiwasha. Juu ya kioo palikuwa na vipicha: kamba, pizza, keki, kipande cha nyama ya kuchoma. Alivitazama kimoja kimoja, miwani ameisukuma juu ya paji la uso, kisha akamuuliza mjukuu wake, "Omena iko wapi hapa?" Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Kifaa kile kilitengenezwa kwa jikoni nyingine. Swichi ya kuzungusha haina picha ya chakula cha mtu yeyote. Inazunguka kama ya redio aliyoizoea, na hata mkono wenye baridi yabisi unaiweza.

(Omena yenyewe, niseme hapa, ni nyepesi na feni huipeperusha. Iachwe kwenye sufuria.)

Ukubwa nao utazamwe. Watu hununua cha lita nane kwa sababu Desemba wajukuu watakuja. Miezi kumi na mmoja mama anapika vipande viwili vya samaki na kiazi kimoja. Lita mbili na nusu hadi nne zinamtosha. Kabla ya kulipa, vuta droo kwa mkono mmoja, ukiwaza imejaa kuku. Ikikulemea wewe kijana, yeye ataiangusha. Tazama pia mpini: vipo ambavyo kikapu huachana na droo ukibonyeza kitufe kilicho juu ya mpini, na mkono unaotetemeka unaweza kukibonyeza bila kukusudia, droo ya moto ikamwangukia. Chagua chenye droo moja nzima na sahani ya matundu ndani.

Sasa stima. Nyumba nyingi za vijijini huku ziliunganishwa kwa mradi wa Last Mile ulioanza mwaka 2015, na baadhi zina soketi moja tu ukutani. Kikaangio cha wati 1,500 hakifai kuchomekwa kwenye ekstensheni nyembamba inayolisha pia televisheni na chaja ya simu. Waya utapata moto kabla ya kuku kuiva. Kichomekwe moja kwa moja ukutani, na kama soketi imelegea au ina alama nyeusi, mwite fundi kwanza, zawadi ingoje.

Gharama inabebeka. Wati 1,500 kwa dakika 20 ni nusu yuniti, kwa hiyo kupika mara moja kila siku ni kama yuniti 15 kwa mwezi. Lakini tangu Aprili 2023 bei ya chini kabisa ya stima ya nyumbani ni ya anayetumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi. Zamani zilikuwa 100. Mama mwenye balbu mbili na redio atabaki chini ya mstari huo. Akiongeza birika la umeme na friji, anauvuka, na kila yuniti inapanda bei. Hii ni sababu nyingine ya kupenda kikaangio kidogo. Na tokeni zile ni jukumu la mtoa zawadi. Ni aibu kumwachia mama alipie stima ya kikaangio chako kutoka zile shilingi 2,000 ambazo wazee hupewa na serikali kupitia mpango wa Inua Jamii.

Kuna wanaosema wavuke upande wa Uganda, kuna bei nafuu. Plagi ni ile ile ya pini tatu bapa, na umeme ni ule ule wa volti 240, kwa hiyo kitafanya kazi. Tatizo ni siku kitakapokataa. Waranti ya duka la ng'ambo ni vigumu kudaiwa huku, na mama hatabeba katoni kichwani kupita uhamiaji. Isitoshe, utaratibu rahisi wa forodha unaowasaidia wauzaji wadogo wa Busia na Malaba ni wa bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zisizozidi thamani ya dola 2,000. Kikaangio cha China hakimo, hata ukijitetea vipi kaunta, na kukipitisha njia za panya ni kumtafutia mzee kesi. Nunua mjini Busia, duka ambalo boda inalifikia, kiwashwe mbele yako, risiti ibaki kwa mama.

Usimwahidi kisichowezekana pia. Hakisongi ugali, hakipiki chai wala hakichemshi maharagwe. Kinachoma viazi vitamu, ndizi, mapande ya ngege na mapaja ya kuku, na kinarudisha uhai wa chapati za jana. Stima ikipotea katikati, saa ya springi huendelea kuhesabu. Kengele italia na kuku bado ana damu. Aambiwe hilo mapema, akate kipande atazame. Na kile kitambaa cha kushona ambacho kila kitu sebuleni kwetu hufunikwa nacho, kitolewe kabla ya kuwasha, kifaa kiachiwe nafasi ya kiganja kutoka ukutani, maana nyuma ndiko kinakopumulia.

Kisha ulale huko siku mbili. Mpike pamoja, yeye ndiye ashike swichi, wewe ukae kwenye kigoda. Chukua rangi nyekundu ya kucha, tia nukta penye digrii 180 na nyingine penye dakika 20. Vyakula vingi vyake vitaivia hapo au karibu na hapo. Kama tayari ulimtumia cha kioo na hakirudishiki, nukta hiyo iweke juu ya kitufe cha kuwasha, vipicha vingine vyote vifunikwe kwa selotepu nyeusi, umwonyeshe hicho kimoja mpaka akitumie bila kukuangalia.