Somo la Fizikia Lianzie Mrima

Mwanafunzi wa Msambweni hufunzwa kwamba hakuna chembe iliyoonekana peke yake ikiwa na chaji ndogo kuliko ya elektroni. Akiuliza, "Nani alihakikisha?", asikaripiwe. Wapo wataalamu waulizao hivyo.

Huko CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, watafiti wa jaribio la milliQan waliweka vipande virefu vya plastiki maalumu katika handaki, mita 33 kutoka mahali protoni zigonganapo. Chembe yenye chaji hata sehemu chache za elfu za ile ya elektroni ikipita, huenda plastiki ikatoa mmweko hafifu. Data ya 2018 haikuonyesha chembe hiyo. Mwaka 2020 walitangaza hivyo bila haya, na msako ukaendelea kwa mtambo mkubwa zaidi.

Wapo wasemao hayo hayatuhusu. Sikubaliani nao. Sumaku zinazopinda njia ya protoni hizo zimesukwa kwa nyaya za niobiamu na titaniamu. Niobiamu imo kilimani Mrima. Nao mchanga wa Kwale ulitoa madini ya titaniamu tangu 2013 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024.

Walimu, anzieni somo kwa mchanga huo, na kwa thoriamu ya Mrima ambayo mnururisho wake hupimika. Nazo shule zipewe vifaa vya kuupimia. Asiyefunzwa kuhoji kipimo atauza mali yake kwa mizani ya mwenziwe.