Kushindwa Tunakubali, Kuibiwa Hapana

Asiyekubali kushindwa si mshindani! Ndugu msomaji, hiyo ndiyo methali inayotumika kuziba midomo ya wanafunzi kila mechi ya shule inapokwisha kwa zogo. Mgeni rasmi anaisema, mwalimu wa michezo anairudia, na timu iliyofungwa inaambiwa ipande gari, au mashua kwa wale wa delta, ikalale nayo. Mimi sina ugomvi na methali. Nina ugomvi na wanaoitumia. Wahenga walisema kushindwa. Hakuna mhenga aliyesema kwamba asiyekubali kuibiwa si mshindani.

Nazungumzia mpira wa kikapu wa sekondari zetu, hapa Mtawanya na Kibiti kwa jumla. Mchezo huu kwetu bado mchanga. Wenye enzi ni soka na netiboli. Kikapu kinachezwa kwenye udongo uliosawazishwa kwa jembe, nguzo mbili na ubao uliopigwa misumari. Si aibu hiyo, umaskini si dhambi. Lakini ugeni wa mchezo umewapa wajanja mwanya. Kwenye soka hata bibi muuza maandazi anajua goli na anajua penalti. Ukimwibia atapiga kelele. Kwenye kikapu, nani pale pembeni anajua mtu akishika mpira aruhusiwe hatua ngapi? Pasipo na mjuzi wa sheria, mwenye kipyenga ndiye sheria.

Na kipyenga kiko kwa nani? Kwa mwalimu wa shule mwenyeji! Mezani nani? Wanafunzi wa shule mwenyeji! Mmoja ana chaki ya kuandika pointi, mwingine ana saa ya mkononi. Kikapu ni mchezo wa watu watano kwa watano, lakini ukienda ugenini unakuta watano wanacheza, wa sita ana kipyenga, wa saba ana chaki na wa nane ana saa. Sasa hapo unashindana na nani?

Nilipokuwa kidato cha tatu tulikwenda shule moja, jina naliacha. Tuliongoza kwa pointi tano. Nahodha wetu alitazama ubao, akakuta pointi nne zimefutika. Alipouliza akaambiwa, "We mtoto, umekuja kucheza au kuhesabu?" Dakika ya mwisho ikaanza, na haikwisha mpaka wenyeji walipopata kikapu cha kuongoza. Palepale saa ikakumbuka kazi yake. Tukasomewa methali.

Hebu tuiulize sheria yenyewe. Sheria za FIBA, ambazo ndizo sheria za kikapu duniani, zinasema waamuzi wasiwe na uhusiano wowote na timu yoyote iliyo uwanjani. Wowote! Haikuandikwa kwamba mwalimu mwenye roho nzuri anaruhusiwa. Maana walioandika walijua kwamba hata mwenye roho nzuri, wanafunzi wake wakimwimbia pembeni na mkuu wa shule akiwa amekaa kwenye kiti cha mbele, mkono wake utakuwa mzito.

Najua wapo watakaosema mbona hamsemi fujo za wachezaji wenyewe. Nasema. Kuna mamluki, vijana waliomaliza shule zamani wanaovalishwa jezi, ndevu zimenyolewa asubuhi. Kuna wanaopiga kiwiko mbavuni refa akigeuka. Kuna mashabiki wanaomrushia mtu mchanga akiwa kwenye mtupo huru. Sheria ina jina la uchafu wa uwanjani: faulo isiyo ya kiungwana. Aliyefanyiwa anapewa mitupo huru na timu yake inabaki na mpira. Aliyeirudia mara mbili anatoka nje. Lakini huku kwetu faulo hiyo inaonekana ikifanywa na mgeni tu. Mwenyeji akipiga kiwiko, eti ni ushindani. Kijana akishaona hivyo, mara ya pili hasubiri kipyenga, anajilipia mwenyewe. Basi fujo za vijana tusizitenge na kipyenga kibovu. Ni mtoto na mzazi wake.

Jibu la pili tunalopewa ni kwamba hii ni michezo tu, msikuze mambo, na mwalimu mwenyewe anajitolea, hata kipyenga kanunua kwa fedha yake. Kujitolea kwake tunakushukuru. Lakini "michezo tu" ni neno la hatari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu, mashindano ya UMISSETA na UMITASHUMTA yalisimamishwa kwa hoja kwamba yanakula muda wa masomo. Yaliporudishwa baadaye, hoja ilikuwa kwamba michezo nayo ni sehemu ya elimu. Sawa, nakubali. Kama ni elimu, tuulize somo lenyewe ni lipi. Kwamba kipimo kinamfuata mwenye uwanja? Kwamba anayeuliza hesabu ana utovu wa nidhamu? Mtoto aliyehitimu somo hilo, kesho akiwa karani wa mizani ya korosho, atampimia nani sawasawa?

Wala tusidhani hakuna kinachopotea. UMISSETA ni ngazi: shule, wilaya, mkoa, taifa. Aliyeangushwa chini kwa hila haonekani juu. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alianza kikapu akiwa na miaka kama 15. Mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA, Mtanzania wa kwanza kufika kule. Miaka 15 ndiyo umri wa kidato cha pili. Ndio umri ambao sisi tunamfundisha kijana kwamba jasho lake na chaki ya mwenzake si sawa.

Jibu la tatu ndilo linalopendwa kuliko yote: uamuzi wa refa ni wa mwisho. Hapo tunadanganywa mchana kweupe! Kweli, huwezi kukata rufaa kwa sababu refa amekunyima faulo. Lakini sheria hizo hizo za FIBA zinaruhusu malalamiko kwa makosa ya hesabu ya pointi, kwa makosa ya saa, na kwa wachezaji wasio halali. Yaani chaki, saa na mamluki, maradhi yetu yote matatu! Nahodha anatakiwa amwarifu refa mkuu katika dakika 15 baada ya mchezo na atie saini kwenye karatasi ya matokeo, ambayo ina nafasi yake kabisa. Nahodha gani wa Kibiti amewahi kuonyeshwa nafasi hiyo?

Na matokeo hubatilishwa. Novemba 2016 refa Joseph Lamptey wa Ghana aliwapa Afrika Kusini penalti ya mkono dhidi ya Senegal, ilhali mpira ulimgonga beki gotini. Machi 2017 FIFA ikamfungia maisha, mechi ikarudiwa, na Senegal ikashinda 2–0. Ila rufaa nayo ina masharti. Mwaka 1972, fainali ya kikapu ya Olimpiki mjini München, sekunde tatu za mwisho zilirudiwa mara mbili mpaka Wasovieti wakawafunga Wamarekani 51–50. Wamarekani wakalalamika, jopo la watu watano likawakatalia kwa kura 3 kwa 2, na wale watatu wote walitoka nchi rafiki za Usovieti. Wamarekani wakakataa medali. Kumbe hata wakubwa, ukiweka ndugu mezani, hukumu inaharibika.

Basi tunataka nini? Hatutaki uwanja wa vigae wala saa ya umeme. Zikicheza shule mbili, kipyenga ashike mwalimu wa shule ya tatu. Mezani akae mwanafunzi mmoja wa kila upande, na karatasi ya pointi isomwe kwa sauti kila kipindi kikiisha. Haigharimu hata shilingi. Wazee wetu wanacheza bao chini ya mkorosho bila refa, na hakuna anayeiba kete, kwa sababu kila aliyesimama pale anajua kuhesabu na ana ruhusa ya kusema.

Hapo ndipo inapotuhusu sisi wa gazeti hili. Nakala ya sheria niliyoiona mimi ni ya Kiingereza, na nahodha wa kidato cha pili hawezi kudai haki iliyofungiwa kwenye lugha asiyoimudu. Tunaandika mashairi ya mapenzi kila toleo. Tuache toleo moja, tukae watatu wanne, tuziandike sheria hizi kwa Kiswahili cha kueleweka, zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila sekondari kuanzia Mtawanya. Mimi nachukua sura ya malalamiko. Nani anachukua ya faulo?